Barua kwa vijana wangu wa baharini, kuanzia Moa mpaka Kigombe

Wanangu,

Assalaam alaykum kwa wale wa salamu hiyo, na Bwana asifiwe kwa wale wa kanisani. Nawaandikia nyote mnaoishi kwa kasia, mshipi, nyavu na mashine za boti katika mwambao wetu huu wa Tanga: wa Moa na Kwale, wa Chongoleani na Sahare, wa Mwambani, wa kwetu Tongoni, na ninyi wa Kigombe. Wengi nawajua kwa sura. Baba zenu nimevua nao, na baadhi yao nimewazika.

Juzi alfajiri, nikitoka msikitini, niliwakuta watano wenu mnashusha boti. Usiku wake redio ilikuwa imetangaza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ile ambayo mmeisikia mpaka mmeikariri: upepo wa kasi unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Nikawauliza kama mmesikia. Mmoja wenu, kijana mwenye adabu zake, akanipa mkono akasema, "Tumesikia, babu. Lakini Mungu yupo." Mkasukuma, mkaondoka. Jioni mlirudi salama, na nilishukuru, maana siku nzima sikutulia. Lakini neno lile limenikaa kifuani tangu siku ile, kwa sababu na mimi niliwahi kulisema, pwani ileile, kwa sauti ileile.

Mungu yupo. Nikitilia shaka hilo leo, miguu hii haitanibeba kufika msikitini kesho. Ninachotaka tuzungumze ni neno hilo tunalisema wakati gani, na tunamtwisha nani mzigo tukishalisema.

Ilikuwa mwezi wa Juni mwaka 1979, upepo wa kusi umeshika. Nilikuwa na miaka 26, nina mke na mtoto mmoja mchanga. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tunavulia ngalawa aliyotuachia baba. Kamba iliyofunga mrengu wa kushoto, ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, ilikuwa imechoka. Sikuhadithiwa, niliiona. Niliipitisha kidole nikahisi nyuzi zimeanza kusimama. Kaka akasema tuibadilishe kwanza, twende kesho. Mimi ndiye niliyesema, "Ya leo tu, kaka. Mungu yupo." Akanikubalia. Alikuwa mpole, na alijua nyumbani kwangu hakuna unga.

Tulivuka mwamba tukapita kisiwa cha Karange, tukawa nje. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumepata nguru wanne na changu wa kutosha. Alasiri upepo ukaongezeka. Tukageuza kurudi, na wimbi moja tu likatosha. Kamba ikakatika, mrengu ukaachia, ngalawa ikalala ubavu, tanga likanywa maji, tukapinduka.

Tukashika tumbo la ngalawa, mimi upande huu, yeye upande ule. Kusi na mkondo vikatuchukua kaskazini. Magharibi ikaingia. Tuliziona taa za mji wa Tanga upande wa kushoto, karibu kabisa machoni, na mimi nikataka kuachia niogelee. Kaka akanikataza kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Alisema taa usiku hudanganya umbali, na mwenye chombo huonekana kuliko mwenye kichwa peke yake juu ya maji. Taa zikatupita, zikabaki nyuma, zikapotea.

Wanangu, mnaposikia watu wanasema mfa maji haishi kutapatapa, wanacheka. Aliyewahi kutapatapa hacheki. Baridi ya maji usiku wa kusi huanza kwenye vidole, kisha inapanda mpaka huijui mikono yako ni ya nani. Niliomba kwa kelele. Nilimwahidi Mungu mambo mengi, mengine sikumbuki hata leo niliahidi nini. Kaka aliomba kama mtu anayezungumza na aliyekaa jirani yake. Alisoma Ayatul Kursiyyu, kisha akawa anairudia dua ya Nabii Yunus, *La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin*. Hakuna mungu ila Wewe, umetakasika, hakika mimi nilikuwa miongoni mwa waliodhulumu. Sikuwa nimewahi kuifikiria ile sehemu ya mwisho. Katika tumbo la samaki, Yunus hakuanza kwa kusema niokoe. Alianza kwa kukiri. Mimi usiku ule nilikuwa na kamba ya kukiri, na sikuikiri.

Usiku mkubwa kaka akazunguka kuja upande wangu. Akavua msuli wake, akanifunga mkono kwenye mrengu uliobaki, fundo la baharia, akalivuta mara mbili kulijaribu. Nikasinzia. Nilipozinduka mwanga wa alfajiri ulikuwa umeanza, na hakuwepo.

Jua lilipopanda, jahazi lililobeba nazi kutoka Pemba likaniona, mbele ya Kwale. Mabaharia walilazimika kuukata ule msuli kwa kisu. Fundo halikufunguka.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa miaka mingi. Watu walikuja kunipa pole, na wengi wakasema, "Dua yako ilipokelewa." Walisema kwa wema. Mimi nikawa najiuliza: na ya kaka? Yeye ndiye aliyekuwa hakosi sala ya alfajiri. Yeye ndiye aliyetaka kamba ibadilishwe. Kama kuokoka ni ujira wa imani, basi kule baharini hesabu ilikosewa. Nilikaa karibu mwaka mzima siwezi kuisoma ile aya ya Suratul Anbiya inayosema Mwenyezi Mungu alimwitikia Yunus, akamwokoa na dhiki, na kwamba hivyo ndivyo anavyowaokoa waumini.

Aliyenitoa pale ni mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Qurani. Alikuwa na mkeka wake mmoja wa kusalia, na tangu tulipoanza kwenda baharini hakuukunja mpaka aone tanga letu. Siku moja nikamwambia yote, pamoja na habari ya kamba, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nilimwomba wawili. Mmoja kanirudishia, mmoja kamchukua mwenyewe. Sikuwa nimemkopesha Mungu, mwanangu. Wote wawili ni wake." Halafu akanifundisha nililokuwa nimelisikia bila kulielewa, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi. Kaka hakutupwa. Alipokelewa kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo, mwenzenu akizama, msiwaambie watoto wake kwamba dua za baba yao zilikuwa dhaifu, wala msiwaache waliookoka wajione ni bora. Nabii Nuhu alipopanda safina alisema *Bismillahi majraha wa mursaha*, kwa jina la Mungu kwenda kwake na kutia nanga kwake. Vyote viwili ni kwa jina lake, kwenda na kutia nanga, na wapi tutatia nanga ni juu yake.

Lakini kamba ilikuwa juu yangu. Msichanganye hayo mawili.

Nasikia mnasema jitihada haiondoi kudura. Ni kweli haiondoi, lakini mnaitumia methali hii kama mto wa kulalia. Sayyidna Umar, akiwa khalifa, alikuwa njiani kwenda Sham, ndiyo Syria ya leo na jirani zake, akapata habari kwamba kumezuka tauni. Akashauriana na watu, akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Umar akamjibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na upande mmoja mkavu. Popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Basi siku ya tahadhari, anayebaki nyumbani kushona nyavu yumo katika kadari ileile ya Mungu aliyomo anayekwenda. Hajamkimbia Mungu, amechagua upande wenye majani.

Na tazameni Hijra, kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina. Makureshi wamekula njama ya kumuua Mtume, na Mungu ameshampa idhini ya kuhama. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutoka mlangoni mchana kweupe akasema Mungu yupo, ni yeye. Yeye alifanya nini? Madina iko kaskazini ya Makka. Akaenda kusini, kwenye pango la Thawr, upande ambao hawakumtarajia. Akakaa humo siku tatu na Abu Bakr. Kijana wa Abu Bakr akawa analeta habari za mjini usiku, binti yake Asma analeta chakula, na mchungaji wake Amir bin Fuhayra anapitisha mbuzi na kondoo juu ya nyayo zao ili zisionekane. Akakodi kiongozi wa njia anayeijua jangwa, Abdullah bin Uraiqit, ambaye hata Muislamu hakuwa wakati ule. Yote hayo yakiwa tayari, maadui wakafika mpaka mdomoni mwa pango, Abu Bakr akaingiwa na hofu, ndipo likaja lile neno: *La tahzan, innallaha ma'ana*, usihuzunike, hakika Mwenyezi Mungu yu pamoja nasi. Neno lile lilisemwa ndani ya pango, pale ambapo mikono ya binadamu imefika mwisho wake. Mimi nililisema pwani, mikono yangu ikiwa mizima na kamba mpya ikiwa inauzwa dukani.

Wakristo wenu wana habari kama hiyo, na nimeipenda tangu nilipoisikia. Nilipokuwa nafanya kazi kwenye jahazi, baharia mwenzangu mmoja Mbondei alinisomea safari ya Paulo, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo aliwaonya mapema kwamba msimu umepita, wasiondoke Krete. Wakamsikiliza nahodha na mwenye meli. Wakapigwa na tufani siku 14. Katikati ya dhoruba malaika akamwahidi Paulo kwamba hakuna nafsi itakayopotea, na chomboni walikuwamo watu 276. Ahadi ya malaika iko mkononi, lakini bado walipima kina cha maji, wakatia nanga nne upande wa tezi, wakala chakula wapate nguvu, wakaitupa ngano baharini chombo kiwe chepesi. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo akasema hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamwezi kuokoka. Chombo kilivunjika. Wenye kujua kuogelea wakaogelea, wengine wakashika mbao na vipande vya meli, na wote 276 wakafika nchi kavu kule Malta. Yule rafiki yangu aliponisomea habari ya nanga nilimwambia aliyeandika maneno haya alikuwa pamoja na mtu wa bahari.

Kuna jambo moja ambalo watu hawalitolei sadaka. Mwezi wa Mei mwaka 2024 tulitangaziwa kimbunga Hidaya. Boti za Unguja zilisimamishwa, na wavuvi wengi mlivuta vyombo juu. Tarehe 4 kikafika Mafia, kisha kikapungua nguvu. Wiki iliyofuata nikasikia vijana barazani wakilalamika kwamba wamepoteza siku bure, eti mbona kwetu hakikuja. Mimi nilisujudu. Wazee wetu walipokezana habari za tufani ya Aprili 1872 iliyovunja majahazi Unguja na kung'oa mikarafuu, na babu zetu hawakuwa na redio ya kuwaambia siku mbili kabla. Hatari uliyoepushwa bila kuiona nayo ni wokovu, na pengine ndio mwingi zaidi katika maisha ya mtu. Mtu hulia kwa shukrani siku moja aliyotolewa majini, akasahau siku elfu ambazo hakuzamishwa.

Mwenyezi Mungu anatusema sisi hasa katika Suratul Ankabut, aya ya 65. Watu wanapopanda jahazi humwomba Yeye peke yake kwa ikhlasi, na akiwafikisha nchi kavu, mara humshirikisha. Nimewaona, na nimekuwa mmoja wao. Mtu ameokoka kwa kuomba Mungu mtupu, akifika pwani anakwenda kutafuta hirizi ya kufunga kwenye mlingoti. Mtume alituonya juu ya kutundika hirizi, na mimi sitaki kumdhalilisha mtu, maana hofu ya bahari ni hofu ya kweli. Nasema tu: ile kitambaa nyeusi haijui kuogelea. Itoe, na mahali pake weka jaketi la kujiokolea.

Na wewe unayebeba baruti, nawe ninakuandikia, maana ni mwanangu. Matumbawe uliyoyalipua yalikuwa nyumba ya samaki wa mtoto wako. Wapo watu katika pwani hii waliobaki na mkono mmoja. Huwezi kuiwasha baruti ile kwa Bismillahi. Ukitaka ulinzi wa Mungu, kwanza ondoka kwenye kile alichokukataza.

Kwenu matajiri wenye boti, mniwie radhi, nawaheshimu, lakini wengi wa hawa vijana wanaposema Mungu yupo wanamaanisha tajiri anataka hesabu. Usimsukume mtoto wa mwenzio kwenye wimbi kwa ajili ya mafuta uliyokwisha kununua. Ile usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama mbele ya Nungwi ikienda Pemba, ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi chake. Mamia walikufa. Wapo waliookoka wameshika magodoro, na wavuvi wa kule waliwaokoa watu kwa vyombo vyao wenyewe. Niliposikia habari ile niliyaona mambo mawili kwa pamoja. Rehema ya Mungu ilikuwapo, ndani ya godoro na ndani ya mvuvi aliyeamka usiku. Na uzito ule haukushuka mbinguni, ulipakiwa bandarini.

Basi fanyeni haya, nawaomba kama mzazi. Jaketi livaeni, msilikalie. Mtu wa pwani ajue mnakwenda mwamba gani na mnarudi maji gani, hata kama ni mimi tu. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, imejaa chaji. Chombo kikipinduka msikiache, hata mwone taa za mji zimewakaribia kiasi gani. Msitegemee kukimbilia mahali kwa kuwa baba zenu walikimbilia hapo. Sisi tulikijua kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kikiwa na miti, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa huzama. Kisha, mkishafanya hayo yote, mkishaangalia kila fundo, hapo ombeni kwa moyo wote na msiwe na hofu iliyobaki. Kaka yangu hakuwa na hofu. Nilikuwa naye, najua.

Na mkiwa mmeshakosea, mmeondoka mlipokatazwa na bahari imewageukia, msiseme tena Mungu hatatusikia kwa kuwa tumeyataka wenyewe. Yunus naye alikuwa amekimbia alipotumwa. Kirini, ombeni, shikeni chombo. Mlango ule haufungwi usiku.

Mimi sina mali. Lakini mwezi huu mwanangu aliye Dar es Salaam amenitumia fedha kidogo, nimenunua bunda mbili za kamba ya nailoni, nene, ya kufungia mirengu na nanga. Ziko barazani kwangu, mlango wa pili ukitoka msikitini. Yeyote ambaye kamba zake zimechoka aje na kisu chake, apime, akate, aende. Hakuna bei. Nikiwa nimelala, mniamshe, ningependa kulivuta fundo mwenyewe mara mbili kabla hamjaondoka.

Ni mimi baba yenu,
mvuvi mstaafu, Tongoni, Tanga